Somo la mwezi: Tochi inatiwa moto mchana

Wengine katika parokia zetu za Masisi na Walikale watashangaa kuona kwamba somo la mwezi huu si juu ya maombi wala juu ya ndoa, bali juu ya kitu kidogo kinachokaa mfukoni, ndiyo tochi. Tulikawia kuliandika kwa sababu tulidhani ni jambo dogo. Lakini mambo tuliyoyaona yametusukuma, nasi tunaomba mlisome lote, kisha mlizungumzie katika vikundi vyenu vya maombi.

Tuanze na yaliyotupata wenyewe. Usiku mmoja wa mvua, si miaka mingi iliyopita, tulimbeba mama mmoja katika tipoyi kutoka juu ya mlima kwenda kituo cha afya. Uchungu ulikuwa umemshika tangu mchana, na mama mkunga wa kijiji alisema mtoto amekaa vibaya. Tulikuwa wanaume sita wa kupokezana mabega, na mama wawili wakifuata nyuma. Tochi ilikuwa moja tu, tochi ya kanisa, ya nguvu sana, ambayo ilinunuliwa kwa mchango wa wote. Tuliisifu, maana ilimulika mpaka mlima wa ng'ambo. Tulipofika kwenye mteremko, karibu na daraja la miti, mwanga ulipungua, ukakonyeza mara mbili tatu, kisha ukazimika kabisa.

Usiku uliotangulia tuliitumia tochi ile katika mkesha toka saa tatu mpaka alfajiri. Asubuhi tuliirudisha kwenye sanduku. Hakuna aliyeitia moto. Kila mmoja alidhani mwenzake amefanya hivyo.

Kulikuwa na telefone moja kati yetu, nayo haikudumu. Wabebaji hawakuweza kuvuka daraja lile bila kuona, tena juu ya matope. Tuliweka tipoyi chini, tukafunika mama kwa mahema na makoti yetu, tukangoja. Mtoto alizaliwa pale pale njiani, katika mikono ya wale mama wawili, wala hawakuona walichokuwa wakifanya. Mama yuko hai mpaka leo. Mtoto hakulia.

Muuguzi alituambia kwa upole kwamba hawezi kujua kama tungefika mapema mtoto angepona. Nasi hatusemi kwamba tochi ndiyo iliyomwua. Lakini saa zile tulizokaa gizani, tulizipoteza sisi wenyewe mchana wa siku ile, jua likiwaka. Mnajua mfano wa wale wanawali kumi katika Matayo 25. Zamani tulipousoma tulifikiri tu juu ya siku ya mwisho. Sasa tunapousoma tunaona pia lile daraja.

USIKU WETU NI WA SAA KUMI NA MBILI

Sisi tunakaa karibu na mstari wa ikweta. Kwa hiyo mwaka mzima jua linatua karibu saa kumi na mbili za jioni na kutoka karibu saa kumi na mbili za asubuhi. Ulaya wana majira ambapo usiku ni mfupi sana. Kwetu nusu ya maisha ni giza, na katika vijiji vingi vya teritwari hizi mbili hakuna nguzo hata moja ya umeme. Walikale ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni msitu, ambamo giza linaanza mapema kuliko huku kwenye malisho ya Masisi. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaosema tochi ni kitu cha vijana wanaopenda kutembea usiku. Ni chombo cha nyumba, kama jembe na bido la maji.

Wazee wanakumbuka tochi za zamani, zile ndefu za bati, zilizobeba mawe mawili au matatu. Balbu yake ilikuwa na uzi mwembamba unaowaka moto. Ukiiangusha mara moja, uzi unakatika. Mawe yakichoka, mama anayaanika juani au anayaweka karibu na jiko ili yapate nguvu ya siku moja zaidi. Tochi ya namna hiyo ilipata hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka 1899, kwa mtu anayeitwa David Misell, nayo haikubadilika sana kwa karibu miaka mia moja.

Kilichobadilisha mambo ni vitu viwili. Cha kwanza ni betri ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991. Inabeba nguvu nyingi katika mwili mdogo, tena inatiwa moto mara mamia. Cha pili ni taa ya LED, ile punje ndogo ya njano unayoiona nyuma ya kioo. Watu walikuwa na LED nyekundu na za kijani tangu zamani, lakini ili kupata mwanga mweupe walihitaji ya buluu yenye nguvu. Mjapani Shuji Nakamura aliipata, na kampuni yake Nichia ikaitangaza mwaka 1993. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Mwaka 1993! Wenye umri wa kutosha wanajua sisi tulikuwa wapi mwaka ule, baada ya soko la Ntoto. Tulikuwa tunalala porini bila hata kibatari, na upande mwingine wa dunia mtu anatengeneza mwanga ambao leo tunao mfukoni. Hatuna maelezo juu ya hilo, tunalisema tu.

JUU YA KUNUNUA

Hapa tuwe wazi, maana sokoni kuna uongo mwingi. Ndani ya tochi nyingi za mfukoni za nguvu kuna betri ya mviringo inayoitwa 18650. Namba hiyo ni kipimo chake: unene milimita 18, urefu milimita 65. Juu yake wanaandika kiasi cha nguvu inachoweza kubeba, kwa alama ya mAh. Betri nzuri ya namna hii inabeba kati ya 2000 na 3500. Ukikuta imeandikwa 6800 au 9900, mwenye kuiandika anakudanganya, kwa sababu mwili wa kipimo kile hauwezi kubeba hivyo. Tumezifungua kadhaa, na katika mojawapo tulikuta betri ndogo ndani, na nafasi iliyobaki ilijazwa unga. Njia ya kujua bila kufungua ni uzito. Ile ya kweli ina uzito wa karibu gramu 45 au zaidi kidogo. Wenye mizani ya kupimia madini, nanyi ni wengi, mnaweza kuwasaidia mama wa parokia katika jambo hili pasipo malipo.

Hivyo pia kwa mwanga. Sanduku linaandika lumeni elfu mia moja, kana kwamba ni jua. Usiangalie sanduku. Uliza kama tochi ina ngazi tatu za mwanga au zaidi, na kama kitufe kinabonyezwa vizuri kwa kidole chenye baridi. Angalia kama kuna mpira mwembamba pale inapofungwa, wa kuzuia mvua. Angalia na tundu la kutilia moto, kama linapokea waya uleule wa telefone. Hili la mwisho ni kubwa kwetu. Tochi yenye chaja ya peke yake inakufa siku ile chaja inapopotea, na huko Walikale, ambako kwa miaka mingi mizigo ilifika kwa ndege ndogo zilizotua juu ya barabara pale Kilambo au kwa njia ya Bukavu na Hombo, huwezi kutumaini kupata nyingine mwezi huo.

Kama imeandikwa IPX4, inavumilia kurushiwa maji. IPX7 inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa mvua za Masisi tunashauri usichukue chini ya hiyo ya kwanza.

Kuna pia tochi za bei ndogo, za plastiki, ambazo nyuma zina meno mawili ya kuchomeka ukutani. Nyingi kati ya hizo hazina lithiamu ndani, zina betri ya risasi na tindikali, ndugu mdogo wa betri ya gari. Hatuzidharau, maskini wengi wanazo. Lakini lazima mjue tofauti ya tabia zao, kwa sababu hapo ndipo tochi nyingi zinapofia. Ile ya risasi inataka kukaa imeshiba siku zote. Ukiiacha tupu wiki mbili tatu, ndani yake kunashika ugumu, nayo haitapokea moto tena. Ile ya lithiamu haipendi kuachwa tupu kabisa, wala haipendi kukaa miezi mingi imeshiba kabisa. Ikiwa hutaitumia muda mrefu, iweke katikati. Ila tochi ya haja, ile inayongoja usiku wa kuitwa, sisi tunasema ishibe tu. Betri ikichakaa mwaka mmoja mapema si kitu.

JUU YA KUTIA MOTO, NA HESABU KIDOGO

Walimu wetu wa shule wawasaidie wengine katika sehemu hii. Betri ya 3000 mAh, yenye volti 3.7, imebeba karibu wati 11 za saa moja. Ukiwasha tochi kwa nguvu yote, inayokula wati 10 hivi, mwanga utadumu saa moja tu. Ukiishusha mpaka inakula wati moja, utapata saa kumi, na bado ni mwanga mwingi wa kutosha kazi. Ukiishusha kwenye ngazi ya chini kabisa, ya sehemu moja ya tano ya wati, utapata karibu saa 50. Hizo ni usiku nne nzima!

Someni hesabu hiyo mara mbili. Ile tochi yetu kwenye daraja haikuwa mbaya. Katika mkesha iliwaka kwa nguvu kubwa, imeelekezwa madhabahuni, na wengine tulikuwa tumefumba macho. Kama ingewaka kwa ngazi ndogo ingebaki na nguvu, hata bila kutiwa moto asubuhi. Tulikuwa na dhambi mbili, si moja.

Kwa miguu, kwenye njia unayoijua, ngazi ya chini inatosha. Macho yanazoea giza kwa muda wa nusu saa hivi, na ukiwasha nguvu yote unayapofusha, kisha ukizima huoni kitu. Nguvu kubwa ni ya kutafuta mtu aliyepotea, ya kuangalia mto kabla ya kuvuka, ya kuona kama mlima umeporomoka mbele. Dakika moja, kisha shusha.

Kwa wenye paneli ndogo ya jua: paneli ya wati 10, jua likiwa safi, inaweza kuijaza betri ile kwa mchana mmoja, na katika siku za mawingu huko Masisi itachukua siku mbili au zaidi. Wasio na paneli wanapeleka tochi zao penye watu wa kutia moto telefone sokoni. Ni vema. Lakini msiiache huko ilale. Usiku wa haja haungoji mpaka butiki ifunguliwe.

Tena tahadhari. Betri ya lithiamu ina moto kweli ndani yake. Usiitie moto ukiwa umeiweka kitandani, wala juu ya majani makavu, wala chini ya hema la plastiki ambamo watoto wamelala. Iweke juu ya jiwe au juu ya udongo mtupu, mahali unapoiona. Ukiona betri imevimba, au imekuwa ya moto sana mkononi, iache, usiitumie tena, wala usiitoboe kuona ndani kuna nini. Betri iliyo nje ya tochi usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu, maana vyuma vinagusana na kuwaka. Betri iliyokufa haitupwi katika kijito wala motoni. Tumeona watoto wanazivunja ili kupata bati la kuchezea, wazazi wawakataze. Iwekwe katika kopo lenye kifuniko, mbali nao.

Hata hivyo hatari hii ni ndogo kuliko ya kibatari. Wale waliokaa katika kambi za wakimbizi pande za Sake na Goma wanajua nyumba ya hema inachukua muda gani kuungua mshumaa ukianguka. Kama nyumba yako ina mafuta ya taa leo, na unakusanya franka kidogo kidogo, tungependa franka hizo ziende kwenye tochi kabla ya kwenda kwenye kitambaa cha sikukuu. Tunajua mama wengine watanung'unika kusoma hivi.

JUU YA MWANGA WA KUZALIA

Mama wakunga wanatuambia jambo ambalo wanaume hatukulifikiri. Anayeshika tochi mara nyingi ni mtu mwenye haya, anageuza uso pembeni, na mwanga unageuka pamoja naye. Au ni mtoto wa miaka kumi, anayesinzia. Mkunga anahitaji mikono yake miwili na mwanga usiotikisika. Kwa hiyo, tochi ya kuvaa kichwani, kama zile wanazovaa wachimbaji mashimoni, ni bora kuliko zote kwa kazi hii. Kama huna, simamisha tochi ya mfukoni chini, uso wake juu, ili mwanga ugonge dari au hema jeupe na kurudi kwa upole chumba kizima. Au ielekeze kwenye bido jeupe lililojaa maji: bido zima litawaka kama taa. Tulijaribu jambo hili wenyewe na watoto walipiga makofi. Usielekeze kamwe nguvu kubwa machoni pa mtoto mchanga.

Kwa njiani, wabebaji wa tipoyi wawe na tochi mbili, si moja. Ya mbele inamulika njia kwa yule wa kwanza. Ya nyuma ishikwe chini, imulike miguu ya wale wa nyuma, kwa maana wao hawaoni kitu isipokuwa mgongo wa mwenzao. Hiyo ya nyuma ndiyo pia inayomwona nyoka. Kifutu wa msituni halikimbii jambo. Anakaa kimya katikati ya majani, na rangi yake ni ya majani yenyewe. Watu wa Pinga na wa Walikale wanajua. Anaumwa yule wa tatu au wa nne anayemkanyaga. Wapanda pikipiki nao wasimulikwe usoni wanapokuja. Shusha mwanga mpaka wapite.

WAKATI WA KUZIMA

Tunafika mahali pagumu zaidi. Katika nchi yetu kujua kuzima ni nusu ya kujua kutumia tochi.

Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi-centre, na mwezi wa Machi mwaka huo vilifika Walikale-centre. Wengi mnaosoma somo hili mlitembea usiku na mizigo kichwani, wengine zaidi ya mara moja. Mnajua kwamba mwanga wenye nguvu juu ya mlima unaonekana na kila mtu, na mwenye bunduki hajui kwamba wewe unatafuta mbuzi au unaenda chooni. Anadhani unampa mwenzako ishara. Kwa sababu hiyo tunasema bila kuzunguka: katika siku za hofu msimulike milima, msiwashe na kuzima kwa kuchezea, msiwaruhusu vijana kukonyezana kwa tochi kutoka mlima mpaka mlima. Vitabu vya wasafiri vinafundisha kwamba kuwasha mara tatu, kupumzika, na kuwasha tena mara tatu ni ishara ya kuomba msaada. Ni kweli, na mahali pa amani inafaa. Huku kwetu mfikirie kwanza ni nani atakayeiona.

Ukilazimika kutembea, weka ngazi ya chini na ufunike kioo kwa kiganja chako. Mwanga mwekundu kidogo utapita kati ya vidole, nao unatosha kuona mguu unakanyaga wapi. Ukifika kwenye kizuizi, shusha tochi kwenye miguu yako mwenyewe, simama, salimu kwa sauti. Usimulike uso wa mtu mwenye silaha hata kama ni mtu unayemjua. Na kama wakubwa wa mahali wameweka saa ya kutotembea, mtu akibeba mgonjwa amjulishe kwanza chifu wa kijiji au nyumbakumi, ili asitembee peke yake gizani na mwanga usio na mwenyewe.

Tena kuna kuzima kwa namna nyingine. Tumesikia, na katika parokia moja tumeona, watu wakisema kwamba mwanga fulani mlimani saa nane za usiku ulikuwa wa wachawi. Walianza kumtaja mama mzee mmoja mjane, anayekaa upande ule. Vijana walikwisha kukusanyika. Asubuhi ilijulikana kwamba ni mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa akitafuta ndama, na tochi yake mpya ya kichwani. Ninyi mnaoomba usiku na kupokea ndoto na maono, mjihadhari sana hapa. Kabla ya kutangaza maono juu ya mwanga uliouona, nenda ukaulize ni nani aliyenunua tochi wiki ile. Tunasema jambo hili na kicheko kidogo, lakini yule mama mzee hakucheka, wala hajarudi kukaa peke yake.

VITU VYA UDONGO WETU

Wengine huuliza kama kitu hiki si cha wageni tu. Fungua tochi uone zile nukta zinazong'aa, zinazounganisha nyaya. Ni bati la kulehemu, na bati linatoka katika mawe ya kasiterite. Bisie, huko Walikale, wana wetu walianza kuyachimba kwa mikono karibu mwaka 2002, wakishuka mashimoni na tochi kichwani na kuyabeba mgongoni kwa mwendo mrefu wa msitu. Tangu 2019 kuna mgodi wa mashine wa kampuni ya Alphamin mahali pale, uliosimama Machi 2025 vita vilipokaribia, ukaanza tena mwezi uliofuata. Betri nyingi za lithiamu zina pia kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, zaidi ya nusu, inatoka Kongo yetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Coltan ya Rubaya inaingia zaidi katika telefone na mashine za hesabu kuliko katika tochi; tunalisema ili tusiwadanganye, maana wengi wanadhani kila kitu ni coltan.

Basi mwana wa Masisi anashuka shimoni kwa tochi ili atoe kile kitakachotengeneza tochi, kisha tochi inarudi kwake kwa bei, na mara nyingi ya uongo, yenye 9900 juu ya betri. Hatukuandika hivi ili kuchochea hasira. Lakini ukiwa na kitu hicho mkononi, ujue kwamba kuna jasho la jirani yako ndani yake, na usikiache kife bure ndani ya sanduku.

TULIYOPATANA

Katika parokia yetu, baada ya usiku ule wa daraja, baba na mama walikaa pamoja na kupatana hivi. Tochi za kanisa sasa ni mbili. Moja ni ya mkesha na mikutano. Ya pili ni ya tipoyi, imefungwa kamba nyekundu, haiazimwi kwa harusi wala kwa kulinda shamba wala kwa mchungaji anayetembelea wageni, hata akiomba kwa heshima. Inakaa kwa mama mmoja anayekaa karibu na njia kubwa, mlango ambao kila mtu anaujua, naye ana ruhusa ya kukataa. Kila Jumatano na kila Jumamosi anaiweka juani pamoja na paneli yake, na jioni anaiwasha mbele ya mtu mwingine mmoja, wanaandika tarehe katika daftari na majina mawili. Majina mawili, kwa sababu mara ya kwanza kila mmoja alimdhania mwenzake. Tochi ikitumika usiku, waliotumia ndio wanaoirudisha kwa mkono, kabla ya kwenda kulala, na kusema iliwaka saa ngapi.

Kwa daftari hilo tunajua kwamba imetoka mara kumi na moja. Mara saba ilikuwa kwa mama wa kujifungua, mara mbili kwa watoto wa homa, mara moja kwa mzee aliyeanguka, na mara moja kwa ng'ombe, jambo ambalo lilileta maneno. Mama mwenye kuitunza alijibu kwamba ng'ombe yule ndiye karo ya watoto watatu, na maneno yakaisha.

Yule mama wa daraja ana mtoto mwingine sasa, msichana. Alizaliwa kwenye kituo cha afya, usiku. Tuliobeba ni walewale sita, na mmoja wetu alikuwa na kazi moja tu, kumulika miguu ya wale wa nyuma.

Parokia za upande wa Nyabiondo na zile za ng'ambo ya Mpofi zituandikie namna zinavyofanya, hasa zile zisizo na paneli. Na kama kuna mtu anayejua kurekebisha vitufe vilivyolowa, jina lake lipelekwe kwa mwandishi wa parokia, kwa maana tunazo tochi nne zinazomngojea.